Mwanya wa Magesa

Hyasinta alimpokonya yule bibi maikrofoni kabla hajamaliza salamu.

"Wewe nani kakualika?"

Ilikuwa siku ya kumaliza msiba wa mumewe, Magesa, nyumbani kwao Manyamanyama, mjini Bunda. Tangu asubuhi watu walikuwa wakipokezana maikrofoni kumsifu. Magesa mtu wa watu. Magesa aliyekuwa akifunga duka lake la vipuri vya pikipiki pale stendi Ijumaa mchana ili achome mbuzi na wateja. Magesa aliyecheza muziki kwenye harusi za wenzake mpaka bwana harusi akasahaulika. Hyasinta alisikiliza yote hayo ameuma meno. Mume wa Bunda nzima, na yeye mkewe alikuwa akila chakula cha usiku na redio.

Sasa huyu naye. Bibi Wankuru wa Butiama, mrefu, mkavu, hata pole hajatoa. Nyuma yake alisimama mwanamke kijana, Flora, kabeba mgongoni mtoto wa kiume ambaye ndiyo kwanza anajifunza kusema. Mtoto alikuwa akimchekea kila aliyekaa chini ya turubai, na kila alipocheka ulionekana mwanya, uleule uliokuwa kwenye picha ya marehemu pale mezani.

Minong'ono ikaanza. Hyasinta alizaa mabinti watupu, na ukoo wa Magesa haukuwahi kumsamehe.

"Mimi sina maneno mengi," alisema bibi. Sauti yake haikuhitaji maikrofoni. "Magesa alikuwaga anakuja kwangu, anamrusha huyu mtoto juu, halafu anaenda kutangaza baa nzima kwamba ni wake. Leo ukoo mko hapa wote. Semeni mbele ya watu: ni wenu ama si wenu?"

Wenceslaus, kaka mkubwa wa marehemu na msemaji wa ukoo, alisogea karibu. Mtoto akamchekea. Macho ya mzee yakalegea.

"Anaitwa nani?"

"Mwikwabe," alijibu bibi. "Jina la marehemu mume wangu."

Wenceslaus aliguna, kisha akamgeukia mjane. "Shemeji, tuingie ndani tuongee taratibu."

"Tuongee nini?"

Bibi Wankuru alijifunga kitenge vizuri. Akamtazama Hyasinta usoni.

"Nasikia lile duka la stendi ni kubwa," alisema. "Linataka mtoto wa kiume."

Hyasinta alilipuka.

"Nilijua! Mmekuja na njaa zenu! Mume wangu alikuwa anachekaga na kila mtu, sasa kila mwenye mwanya ni mtoto wake?" Alimsukumia Wenceslaus maikrofoni kifuani. "Shemeji, sema hapahapa. Mkimpokea huyu, mimi na wanangu tunaondoka leo, na duka mtalihamisha. Kile kiwanja ni cha baba yangu."

Flora aliinamisha kichwa, machozi yakamtoka. Bibi hakumtetea wala kujitetea.

Wenceslaus aliutazama tena ule mwanya. Ilimuuma, na kila mtu aliona kwamba inamuuma. Akawatafuta wazee wenzake kwa macho, nao wote walikuwa wakitazama viatu vyao. Lile duka ndilo lililokuwa likiwalisha.

"Mtoto huyu si wetu," alisema hatimaye. "Ukoo haumtambui. Leo wala kesho."

"Rudia, wa nyuma hawajasikia," alisema bibi.

Akarudia. Watu wote wakasikia, na Hyasinta akapiga makofi peke yake.

Bibi Wankuru alishusha pumzi, na kwa mara ya kwanza tangu afike akatabasamu. Alimkaribia Flora, akamfuta machozi kwa ncha ya kitenge chake.

"Usilie, mke wangu. Mfunge vizuri mtoto wetu, twende nyumbani," alisema. "Mila yetu inamruhusu mjane asiye na mtoto kuoa mke wa kumzalia, na ng'ombe nilizozipeleka kwenu kukuoa hazikupotea. Yule aliyeapa kuja kutunyang'anya amezikwa, na ndugu zake wamemkataa mtoto wenyewe."

Walipofika getini aligeuka.

"Poleni sana na msiba," alisema.