Kufuli za Mudathiri

Siri ya mtungi kata haiijui. Kata huzama, hujaa, hutoka. Siri anayo mfinyanzi. Na siri ya kufuli, Mudathiri aliamini, anayo muuzaji peke yake.

Ndiyo maana vigelegele vilipokatika ghafla mle ndani, moyo ulimpiga kabla hajaitwa.

"Kaka, ingia!" Dada yake Kudra alichomoza kichwa kwenye pazia. "Njoo uone alicholetewa mwanao."

Begi jeusi la harusi lilikuwa wazi katikati ya mkeka. Lilikuja juzi kwa ndege na rafiki wa bwana harusi, likalazwa hapo nyumbani Kasulu. Ufunguo ulikuja jana kwa basi, kifuani mwa Bi Mwanaamina, shangazi wa bwana harusi. Begi na ufunguo wake visipande chombo kimoja. Huo ndio usalama, alisema.

Wanawake walikuwa wamekaa kungoja doti za khanga, udi na mikufu. Mkekani zilikuwepo nepi za kitambaa, chupa ya kunyonyeshea, sweta la sufu la mtoto mchanga na gauni kuukuu la mzazi.

"Gharibu ana mke," Kudra alisema. "Ana mke, ana mtoto, na amekosea begi!"

"Gharibu hana hata paka!" Bi Mwanaamina alikuwa akitokwa jasho. "Begi limebadilishana na la mtu huko uwanjani. Tazameni, hata karatasi ya ndege imechanika. Mabegi meusi yako mangapi duniani?"

"Mengi. Na ufunguo je? Huo uliolala nao kifuani kama mume, umefunguaje begi la mtu mwingine?"

Kicheko kikalipuka, kikali. Bi Mwanaamina akachomoa simu. Akampigia mpwa wake na kuiweka sauti ya juu.

"Wallahi sina mtoto," sauti ya Gharibu ilikwaruza kutoka Dar es Salaam. "Muulizeni mzee Mudathiri. Kufuli alinipa yeye nilipokuja kuposa. Alisema haina pacha."

Macho yote yakamgeukia Mudathiri.

Ni kweli alisema. "Ndege si basi, mwanangu. Huko begi hupita mikono usiyoijua. Funga na hii, haina pacha."

Ilikuwa na pacha mia moja arobaini na tatu. Aligundua mwezi wa Ramadhani, funguo zilipomwagika na kuchanganyika kaunta: kila ufunguo ulifungua kila kufuli. Dukani walikuwa yeye na binti yake Firdausi, aliyekuwa akipanga viberiti na hakuinua uso. Mudathiri alizikusanya, akaendelea kuuza. Sasa zilining'inia kuanzia Kasulu hadi Kibondo: milangoni, maghalani, hata kwenye sanduku la sadaka msikitini.

Akinyamaza, kijana asiye na kosa ataitwa mwongo, na Firdausi atabaki na jina la binti aliyeletewa nepi. Akisema, nani atakanyaga tena dukani kwake?

Akamtazama mwanawe. Firdausi alikuwa ameinama chini ya ushungi, mabega yakimtetemeka. Mtoto huyu alimwomba amalize kwanza mwaka wa mwisho wa ualimu, naye akamjibu, "Chuo hakikimbii. Mchumba hukimbia." Sasa mchumba alikuwa anakimbia kweli, mbele ya macho yake.

"Nipe ufunguo," akamwambia Bi Mwanaamina. "Kudra, lete begi lako."

"Langu limeingiaje hapa?"

"Lete."

Kudra akalivuta begi alilokuja nalo kutoka Kibondo. Mudathiri akapiga goti, akaingiza ufunguo wa Bi Mwanaamina kwenye kufuli ya dada yake, akazungusha.

Ka!

Kufuli ikafunguka.

"Zote," Mudathiri alisema. Akaiinua kufuli waione. "Kufuli zote nilizouza mwaka huu, ufunguo ni mmoja. Nusu ya mji huu ikisafiri hufungia mabegi kwa kufuli zangu. Hili ni la mtu mwingine. Gharibu hana kosa."

"Yebabawe!" Kudra alishika kichwa. "Na mlango wangu wa Kibondo?"

"Nao."

Wanawake wawili walikuwa wameshanyanyuka wakitafuta viatu. Wa tatu alitoka peku. Uani mtu akapaza sauti: mwizi ni Mudathiri, wengine ni wanafunzi wake.

Bi Mwanaamina alimshika mkono kwa mikono yake miwili, akalia. "Umelivunja duka lako, umeisimamisha nyumba ya mwanao. Ndoa ipo pale pale, Ijumaa."

Akatoka kumpigia Gharibu. Kudra akamfuata, bado akiishangaa kufuli yake.

Chumbani wakabaki baba na binti. Mudathiri alianza kuzirudisha zile nguo begini moja moja, kwa adabu. Kuna mama mahali fulani alikuwa akizitafuta. Akaliokota sweta. Lilikuwa zito, la kufumwa kwa mkono, na lilinuka moshi wa kuni.

Mkono ukasimama.

"Dar es Salaam," alisema polepole, "kwenye joto lile, nani anamvisha mtoto sufu?"

Firdausi akafunua ushungi. Macho yalikuwa makavu.

"Vya mwenzangu wa chuoni. Vitu vya Gharibu viko mvunguni mwa kitanda changu, havijapungua hata kitana." Akaweka mkekani ufunguo mdogo, bado una uzi wa dukani. "Mchumba alikuwa ameshaanza kukimbia, Baba. Aliyemrudisha ni wewe. Siombi radhi."