Gauni la Jumamosi

Mkasi ulipotea Alhamisi asubuhi, na fundi cherehani alijua fika ni nani kauficha.

"Mke wangu, nirudishie mkasi."

"Mkasi gani tena?" mkewe akauliza, akikagua dari kana kwamba inavuja.

Mtaa mzima ulimwita Fundi Kesho, maana hilo ndilo jibu alilompa kila mteja. Na tangu serikali ilegeze sheria ya kamari, kibanda cha kubeti kilifunguliwa ukuta kwa ukuta na kwake. Mwanzoni watu walibetia mpira. Mpira ukawachosha, wakaanza kubetiana wao kwa wao: jirani atajifungua mapacha? Mwalimu atarudiana na mkewe? Wiki hii ubaoni kuliandikwa kwa chaki: JE, GAUNI LA HARUSI LITAKUWA TAYARI JUMAMOSI SAA SITA MCHANA?

Mtaa mzima uliweka hapana. Mama mkwe wake aliweka hapana mara mbili. Ndiyo ilikuwa moja tu, na karani wa kibanda hakutaka kusema ni ya nani.

"Hata wewe, mke wangu?"

"Baba watoto, nakupenda. Lakini nakujua."

Hayo yalimchoma kuliko sindano.

Mwenye gauni alikuwa binti mpole aliyehamia mtaani mwezi uliopita. Kila mchana alikuja, akaketi kwenye benchi, akafuta machozi kwa ncha ya mtandio.

"Fundi, usiniaibishe mbele ya wakwe."

"Mwanangu, safari hii hata kwa meno nitashona."

"Saa sita, fundi. Isiwe saa sita na dakika moja."

Basi akaazima mkasi kwa kinyozi. Ijumaa umeme ulikatika, chumbani mwake peke yake. Akaitoa cherehani ya miguu uvunguni, akakanyaga. Mama mkwe akaja kuanguka mlangoni, analia tumbo, anataka abebwe mpaka zahanati. Fundi alimsogezea mto, akaendelea na pindo.

Jumamosi, saa tano na dakika hamsini, alikata uzi wa mwisho. Watu walijaa mlangoni, wameshika tama kama wamefiwa. Karani akatazama saa, akalipapasa gauni mshono kwa mshono, akatikisa kichwa kukubali. Mama mkwe akapona tumbo, akashikwa na kichwa.

Fundi alimkabidhi binti gauni kwa mikono miwili. Miaka kumi na minane ya kazi, na hii ndiyo mara ya kwanza.

"Haya mwanangu, kimbia. Bwana harusi asikungoje."

Binti alilikumbatia kidogo, akalitundika kwenye msumari ukutani. Kisha akatoa kikaratasi kwenye pochi, akamfuata karani kibandani.

"Bibi harusi! Gauni lako!"

"Nitunzie tu, fundi," akajibu bila kugeuka. "Nikipata mchumba nitalifuata."