Pumzi Kwenye Futi

Fundi cherehani alikuwa amezungusha futi kifuani mwa bibi harusi mtarajiwa alipohisi pumzi ya binti ikikwama.

"Huyu ana furaha mpaka usingizi hapati," mama mtu alijigamba kutoka kitini. "Au sio, mwanangu?"

"Ndiyo, mama." Binti alitabasamu hadi magego yakaonekana, ila futi haikusogea hata uzi mmoja.

Hapa pana namna, fundi akajiambia. Ngoja nijaribu.

"Na bwana harusi hajambo?"

"Hajambo sana!" Sauti ilikuwa asali tupu. Futi ikabaki palepale.

Fundi akalitazama jora zima la kitambaa lililolala mezani.

"Mama, kitambaa hiki hakitoshi. Kingine tutakisubiri miezi miwili."

Mama akaguna. Chini ya vidole vya fundi, futi ikapanda taratibu, ikashuka, ikapanda tena.