Viti vya Wabwire

Kivuva alikuwa amekatazwa kuegemea. Kiti kilikuwa cha Wabwire, jirani wa mlango wa pili, na mguu wake wa nyuma ulikuwa umeshikwa na gundi tangu Krismasi. Tai pia alikatazwa kuilegeza, kwa sababu fundo lilifungwa na mchungaji wa kanisa, na kwenye floor hiyo yote ya pili hakukuwa na mwingine wa kulifunga tena.

Joto lilikuwa linamchemsha polepole. Dirisha halikufunguliwa. Upepo ulikuwa unatoka upande wa jalala, na leo, kwa amri ya mkewe Mwongeli, Dandora haikuwa na jalala.

"Na wakiuliza moshi?"

"Moshi gani, Baba Mumo?"

"Haya. Hakuna moshi."

Mumo, mtoto wao, alikuwa amepita mtihani wa shule moja ya wavulana huko ng'ambo ya mji, shule ya watu wenye magari. Nafasi ya kusomeshwa bure ilibaki moja, na walioitaka walibaki wawili. Kwa vile ni shule ya kutwa na vijana hurudi kusomea nyumbani, barua ilisema: Jumamosi asubuhi mtatembelewa, tuone mahali mtoto atakaposomea.

Basi tangu alfajiri ploti nzima ilikuwa imewabebea vitu. Kapeti la Asenath wa chini, rafu ya vitabu ya kanisa, viti vya Wabwire. Wabwire aliviachilia kwa sharti moja: mpaka saa tano, kwa sababu wakwe zake walikuwa njiani kutoka Busia na hangewakalisha kwa ndoo. Mitungi kumi na mmoja ya maji ilifichwa chumba cha kulala na kufunikwa shuka, kama wagonjwa.

Saa nne na nusu mlango ukagongwa. Mwanaume wa viatu safi, faili kwapani.

"Hamjambo. Nimetumwa kuangalia nyum..."

"Karibu! Karibu sana, tulikuwa tunakungoja!" Mwongeli alimvuta ndani kwa mkono.

Mgeni alikataa kukaa. Aliangalia dari. Akagonga ukuta kwa kidole, halafu akaugonga tena mahali pengine, kama mtu anayechagua tikiti maji.

"Maji?"

"Kila siku," Mwongeli alisema.

Kivuva akakohoa.

"Majirani?"

"Hao? Wanyamavu! Huwezi jua kama kuna watu."

Hapo hapo huko juu mtu akafungulia redio mpaka vikombe vikatetemeka.

"Huyo ni fundi," Mwongeli alisema bila kupepesa. "Anajaribu tu spika. Anamaliza leo."

Mgeni akaandika. Kisha akafungua choo na kuvuta maji. Kivuva alimwinamia mkewe. "Hata choo kina mtihani?"

"Nyamaza. Wanapima usafi."

Shida ni kwamba Mwongeli alikuwa amemimina ndoo moja tu kwa tangi, maji ya kuvuta mara moja. Mgeni alisikiliza, akaridhika nusu, akanyoosha mkono avute tena. Mwongeli akamdaka kiwiko.

"Bwana, hujaona meza ya mtoto!"

Mumo alikuwa hapo mezani, kitabu wazi, mgongo umenyooka kama rula. Mgeni aliangalia juu ya kichwa chake, dirishani.

"Jua linaingia asubuhi?"

"Ndilo linamwamsha asome," Kivuva alisema, akajishangaa mwenyewe.

Mgeni akaandika tena. Hakumwuliza Mumo swali hata moja. Hata jina hakuuliza. Kivuva akaona mambo yameharibika, nafasi imeenda kwa yule mwingine, hapa ni heshima tu zinamaliziwa.

"Hao ndio wakali," Mwongeli alimnong'oneza. "Wanamsoma mtoto kwa macho."

"Na hiki chumba?" Mgeni alishika kitasa cha chumba cha kulala.

Kivuva aliruka akasimama mbele ya mlango, mgongo mbaoni. "Kuna mgonjwa."

"Pole. Ni wa kufunguka vizuri lakini?"

"Mgonjwa?"

"Mlango."

"Sana."

Jasho lilikuwa limefika kwenye soksi. Hapa ni kwake, kodi analipa yeye, na hakukuwa na pembe moja angesimama bila kuwa mwongo.

Simu ikatetemeka mfukoni. Wabwire: *Wakwe wako steji.* Kivuva akaandika kwa kidole gumba: *Dakika kumi ndugu yangu.* Simu ikatetemeka tena: *Wako kwa gate.*

Mgeni alifunga faili.

"Niseme ukweli. Wiki hii nimezunguka nyumba nyingi, na nimeona mambo. Lakini hapa," aliangalia viti, kapeti, rafu, "hapa nimepapenda."

Mwongeli alishika ukuta. Dakika moja tu, Kivuva aliomba, mkwe mmoja tu akatikiwe na kiatu.

Mlango ukafunguka. Wabwire, na nyuma yake mashemeji wawili wa mabega mapana.

"Shemeji, nisamehe," alimwambia Mwongeli, "lakini wakwe ni wakwe. Baba Mumo, nipishe."

Kivuva aliinua mikono asaidie, akaishusha. Kiti cha kwanza kikatoka. Cha pili kikatoka. Kile kirefu kikakwama mlangoni, kikageuzwa, kikatoka. Mtoto wa Asenath akaingia akakunja kapeti bila salamu. Mwongeli alifunga macho. Kivuva alisimama katikati ya saruji tupu, mkono kwenye tai, akingoja neno litakalommaliza mwanawe.

Mgeni alitabasamu mpaka magego yakaonekana.

"Afadhali! Kumbe mmeshaanza kuhama! Caretaker aliniambia mama wa floor ya tatu atatoka mwisho wa mwezi, lakini mimi hata leo jioni naweza kuleta vitu."

Na kutoka chini, sauti ya Opicho, caretaker mwenyewe, ikapanda ngazi: "Mama Mumo! Watu wa shule ndio hawa, nawaleta!"