Mrashi wa Marehemu

Picha ilikuwa mbaya, na hilo ndilo lililomfanya aache chai ipoe.

Kitu chenyewe kilikuwa kimesimamishwa juu ya tenga la nyanya, nusu kivulini, kidole cha mpiga picha kimeziba kona. Chini yake pameandikwa: "Chupa ya marashi, bati, ya zamani. Elfu ishirini. Ilula, Iringa." Watu wa kundi lile la simu la kuuziana vitu vilivyotumika walikuwa wameipita mbio wakikimbilia friji na makochi. Yeye hakuipita.

Kwenye kundi na mtaani Mwanjelwa, Mbeya, walimjua kwa jina moja tu, Dada Bangili. Mwaka wa sita huu alikuwa amepanga chumba nyuma ya kibanda cha Faustina, wakala wa pesa za simu, na hakuna aliyewahi kumwona na mgeni, ingawa kila basi la kutoka Iringa likipiga honi barabarani alikuwa akichungulia kama anayengoja kufuatwa. Kazi yake ilikuwa kukaa na simu na kutazama. Darasa la saba lilimwachia kusoma na kuandika. Mengine alijifunza kwa macho. Kwamba bati hushika kutu, lakini fedha hununa tu: inakuwa nyeusi, na ukiisugua kwa majivu inacheka tena. Kwamba anayepiga picha nzuri anajua anachouza, na anayepiga mbaya hajui. Huyu wa pili ndiye riziki yake.

Ile haikuwa chupa ya bati. Ulikuwa mrashi wa kunyunyizia wageni marashi, fedha tupu, kazi ya mafundi wa pwani wa zamani. Sonara wa Dar angeutolea laki sita bila kukohoa.

Akaandika: "Huo mrashi umebonyea kidogo kwenye kitako?"

Jibu lilikuja kwa sauti. Muuzaji alijitaja kuwa Halfani, mfanyabiashara wa nyanya. "Eeh, umebonyea! Umejuaje, dada, na picha haionyeshi? Au wewe mganga?" Akacheka.

Dada Bangili aliisikiliza sauti ile mara tatu.

"Ndiyo kazi yetu huku Mbeya," akaandika. "Mirashi mingi iliangushwa."

"Basi pokea simu tuongee."

"Simu yangu mbovu, sauti haitoki. Tuandikiane tu. Mrashi wa nani huo?"

"Wa marehemu mke wangu."

Nje, muuza viazi alikuwa akigombana na mteja kuhusu ujazo wa ndoo, na ugomvi ukaisha kabla hajaandika neno.

Bibi yake alimlea na mwiko mmoja: kitu cha marehemu hakinunuliwi hivi hivi. Kina warithi. Ukinunua bila ridhaa yao, umenunua dhambi.

"Pole. Alifariki lini?"

"Miaka sita sasa. Alikwenda huko kwenu Mbeya kutazama mgonjwa, homa ikamkamata. Mimi napata habari, watu wa huko wameshazika."

"Jina lake nani? Naandika daftarini. Kila chombo na mwenyewe wa kwanza."

"Mwanaidi. Mwanaidi binti Abdulkarim."

Aliliandika polepole, herufi moja moja, kama anayeandika mbele ya mwalimu.

"Alikuwa akiutumia?"

Safari hii sauti ilichelewa. "Kila Ijumaa. Ananyunyizia nyumba nzima, na mgeni hatuna hata mmoja. Namwambia, Mwanaidi, unawarashia mijusi? Basi ananuna huyo, haongei mpaka Jumapili." Nyuma yake mtu aliita bei za nyanya. "Lakini mtu mwema. Mungu amrehemu."

Dada Bangili alikaa na simu kifuani. Kwa neno hilo la mwisho angeweza kuuchukua mrashi wake kimya kimya, amalize biashara. Lakini mwiko ni mwiko.

"Ndugu zake wameridhia uuzwe?"

"Ndugu wa wapi? Yule hakuwa na mtu, dada. Hakuna wa kuudai. Na mimi naoa Mfungo Mosi, Ramadhani ikiisha, bi harusi hataki kuona vyombo vya marehemu ndani. Lete elfu kumi na tano, uniondolee."

Hakuna wa kuudai. Aliyarudia maneno hayo kwa midomo, bila sauti. Kisha akajifunga kanga, akatoka hadi kibandani.

"Haya, leo umemwokota mjinga wa wapi?" Faustina akauliza.

"Ilula."

"Nimrushie kwa laini yangu ya uwakala, kama siku zote?"

Ndivyo walivyozoea. Muuzaji akishakujua jina, kesho anakupandishia bei.

"Leo natuma mwenyewe. Kwa laini yangu."

"Jina lako litatokea, shauri yako. Mzigo umeshapanda basi?"

"Bado."

"Loo! Unatuma pesa, unatoa na jina, na kitu hujakitia mkononi? Akighairi je?"

"Akighairi akishaliona jina, nitajua."

"Utajua nini, we mwanamke?"

Dada Bangili alibonyeza namba za siri moja baada ya nyingine, akafumba macho kwenye ile ya mwisho.

Huko Ilula, katikati ya matenga, simu ya Halfani ikalia mara moja, na ujumbe ukafunguka kiganjani mwake: Umepokea Sh 15,000 kutoka kwa MWANAIDI ABDULKARIM.