Kisima cha Rais Tembo

Kisima cha Rais Tembo kilipokamilika, mpambe wake Kasuku alizunguka akitangaza kwamba kiu imekwisha nchini. Kanga hakuamini upesi. Aliwapeleka vifaranga wake kisimani, akakuta maji yako chini sana, mahali panapofikiwa na mkonga tu.

“Vumilia, mama,” Kasuku alimwambia. “Yatapanda.”

Vifaranga wakaanza kulegea. Punda, aliyebeba mawe yote ya kisima hicho na hakuonja hata tone, akaenda kuparua mchanga wa mto mkavu. Maji yalipotoka, akasogea pembeni.

“Watoto kwanza, dada,” alimwambia Kanga.

Siku ya mkutano, Tembo aliiona midomo ya vifaranga imelowa.

“Mnaona? Kisima changu kimewafikia hata wadogo.”

Wanyama wakapiga makofi.

“Mheshimiwa,” Kanga aliuliza, “kisima chako kimejengwa kwa mawe matupu. Mbona midomo yao ina mchanga?”

Makofi yakakatika. Tembo akamnong’oneza Kasuku.

Jioni Kasuku akatangaza kwamba kesho Rais atafungua kisima cha pili, kule mtoni. Kanga hakuingoja kesho. Alimwita Punda, akawakusanya vifaranga, wakaenda kunywa kabla mkonga haujafika.