Cheni ya Pikipiki

Kila nyumba ilikuwa na kipimo chake cha chuma, uzito usioruhusiwa kuzidi, na watu wa mizani walipopita hawakusamehe hata msumari. Kwa hiyo kila kipuri ambacho Ambakisye aliokota jalalani ili kuifufua pikipiki ya marehemu baba yake, iliyoozea bandani kuku wakitaga juu ya kiti, kilitaka chuma kingine cha uzito huo kitoke ndani. Kabureta ilikula vikaango vyote. Rimu ya nyuma iliondoka na kitanda, wakahamia mkekani.

Tumpe, mkewe, hakununa. Pikipiki ilikuwa kwa ajili yake. Tangu avunjike paja, hakuwa amekipanda tena kile kilima kwenda kumwona mama yake.

Siku injini ilipowaka, Tumpe alipiga vigelegele hadi akashika ukuta.

"Baba Lusajo, kesho nanywa chai kwa mama!"

"Bado cheni, mama. Bila cheni itanguruma tu hapo hapo."

"Basi tutoe nini?"

Wakaangaza macho chumbani. Mlango wenyewe uliegemezwa tu, bawaba zilishakwenda. Hapakuwa na hata kijiko. Tumpe akaketi, akanyoosha mguu wake mbovu, akaligonga paja pale madaktari walipomfungia chuma.

"Na hiki nacho wanakihesabu, ujue."

Wakacheka wote wawili. Kisha Tumpe akavuta khanga taratibu kulifunika paja, na hapo ndipo Ambakisye alipogundua kwamba macho yake mwenyewe yalikuwa bado pale pale, yakikadiria uzito.